Chupa ya Mto kwa Mto

Kosa lilianza kwa kusahau, na Mwalimu hakuwa mtu wa kusahau. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa kwenye maabara ile ya mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi, na hakuna aliyewahi kumkuta akitafuta miwani iliyo usoni pake. Lakini Jumanne ile bomba lilikauka tangu asubuhi, karai la kuoshea lilijaa vyombo vichafu, simu inalia, na yeye akachukua chupa iliyotoka mtoni, akaifungua, akatia asidi humo humo. Alitakiwa amimine maji kwanza kwenye chupa ya maabara, ndipo atie asidi. Aliposhtuka, asidi ilikuwa imeshazama.

"Uzee huo," alijiambia kwa sauti, maana chumbani hakukuwa na mtu wa kumcheka. Hakuimwaga. Kumwaga sampuli ni jambo alilowafokea wanafunzi wake mpaka wengine wakalia, na si haki mtu kujisamehe kile anachowalizia wenzake. Akaiacha mezani mpaka kesho yake, akaipima.

Mashine ikasema nane nukta tano.

Hapo alivuta kiti akakaa. Kinachopimwa pale ni madini ya risasi, yaliyotiririka kutoka kiwanda cha betri kilichoko juu ya mto. Kiwanda chenyewe kilishakufa siku nyingi, ila taka zake hazijapata habari za msiba. Kikomo ni tano. Ikiwa chini ya tano, watu wanaruhusiwa kuokota kombe, wale chaza wa magamba mawili, kwenye matope ya mlango wa mto, kuziuza na kuzila. Ikizidi tano, matope yanafungwa. Na miaka yote hiyo namba ilikuwa tatu, tatu na kidogo, mara moja moja inafika nne kasoro. Nane ilikuwa haijawahi kuonekana.

Akachukua chupa ya pili, ya mahali pale pale na siku ile ile, akaifanya kama kawaida: akamimina kwenye chupa ya maabara, akatia asidi, akapima. Tatu nukta moja. Akaitazama ile chupa ya mto iliyobaki tupu. Kwa desturi ilikuwa iende karaini ikaoshwe, lakini bomba lilikuwa bado halitoi maji, na kama lingekuwa linatoa sijui kama hadithi hii ingekuwepo. Akatia humo asidi na maji safi, akatikisa, akaiacha siku nzima, akapima yale maji ya kusuuzia.

Tano nukta nne.

Tatu nukta moja na tano nukta nne: hata mtoto wa darasa la pili anajumlisha. Risasi ilikuwa haijaenda popote. Ilikuwa imegandamana na ukuta wa chupa kama ukoko na chungu mpaka asidi iibandue, na wao kila mara walikuwa wanapima kilichobaki majini, kisha sehemu kubwa wanaipeleka karaini na sabuni.

"Miaka yote tumekuwa tunaosha jibu," alisema Mwalimu. Akaiweka ile chupa chini taratibu.

Laiti kanuni ile ya kumimina kwanza ingekuwa ya mtu mwingine, angalau angepata wa kumlaumu. Ilikuwa yake. Alipoanza kazi, msichana mwembamba mwenye kiherehere, chupa za kuchotea zilikuwa arobaini tu kwa mto mzima, na wachota maji walizitaka zirudi siku ile ile. Akakuna kichwa, akaandika kanuni kwenye kitabu cha kazi, kile chenye jalada la buluu: mimina maji kwenye chupa ya maabara, rudisha chupa ya mto, ndipo utie asidi. Na kwa kuwa wanafunzi ni wagumu wa kukumbuka, akawatungia msemo wa kuimba wakati wa kazi: *Chupa ya mto kwa mto, chupa ya maabara kwa maabara.* Baadaye chupa zilikuja kwa makatoni mpaka zikakosa pa kuwekwa, lakini kanuni ikabaki. Nani anaiuliza kanuni umri wake?

Tena haikubaki kwake peke yake. Maabara zinazopima mto ule ni sita: yake, ya bandari, ya uvuvi, ya afya, ya chuo, na ya mamlaka ya maji. Wapimaji wa zile nyingine tano wote walipita mikononi mwake. Aliwafundisha kushika chupa, kusoma mashine, mpaka namna ya kuvaa koti. Ndiyo maana watu walimwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za pensheni.

Angeweza kuyachukulia kama mambo ya kazini tu, akaandika barua, akasubiri. Lakini mdogo wake alikuwa anaokota kombe kwenye matope yale.

Mdogo wake huyo watu walimwita Mama Ndoo, kwa sababu alikuwa haonekani barabarani bila ndoo mbili. Aliishi umbali wa kutupa jiwe kutoka matopeni, yeye na mjukuu wake wa kike wa miaka minne, ambaye mama yake alikuwa mbali kikazi. Mtoto huyo walimpa jina la utani Kasuku. Alipokuwa na miaka miwili na nusu alikuwa anaongea mpaka anasinzia na neno mdomoni; anamwamkia mbuzi, anamgombeza mlango. Kisha maneno yakaanza kupungua. Hakuna aliyejua yalianza lini, maana kelele ikipungua kidogo kidogo watu hushukuru. Sasa alikuwa anaonyesha kwa kidole tu, na akikosa anachotaka anapiga kichwa ukutani. Jina la Kasuku walikuwa bado wanamwita, na kila walipomwita Mwalimu alikuwa anaumia.

Walishampeleka zahanati. Daktari aliuliza mtoto anakula nini, Mama Ndoo akasema kombe, kwani nini kingine. Daktari akanyoosha kalamu kuelekea karatasi iliyobandikwa ukutani: *Maji ya mlango wa mto ni salama*. "Hilo limeshapimwa, mama. Watoto wengine huchelewa tu. Mpe muda." Damu haikupelekwa kupimwa. Chini ya karatasi ile kulikuwa na sahihi ya Mwalimu.

Siku alipopata ile tano nukta nne ya kusuuzia, Mwalimu hakurudi nyumbani kwake. Alienda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta anabandua sufuria jikoni.

"Acha kumpa mtoto kombe," alisema kabla hata ya salamu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Acha kumpa kombe. Maji yana sumu."

Mama Ndoo aliweka sufuria chini, akajifuta mikono. "Nani kasema?"

"Mimi nasema."

"Karatasi inasemaje?"

"Karatasi imekosea."

"Dada." Mama Ndoo alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwaka ule watu wote walipovumisha kombe mbovu, nikakosa hata mnunuzi mmoja, nikaja kwako nalia. Uliniambia nini? Ulisema, usisikilize midomo ya watu, soma karatasi. Mdomo unasema chochote, karatasi imepimwa mara sita. Si maneno yako?"

"Ni yangu."

"Basi niletee karatasi. Ikisema nisile, sili, na ndoo nazitupa leo leo. Lakini hii ndiyo kazi yangu, na ndicho chakula cha huyu mtoto. Siwezi kuiacha kwa sababu umeingia unahema."

 Mwalimu aliona mdogo wake ameyashika mafundisho kuliko wanafunzi wote. Kasuku alikuwa amekaa kizingitini, anakwangua gamba tupu kwa ukucha.

Ikawa basi, kinachotakiwa ni karatasi. Na karatasi ilikuwa njiani, maana ulikuwa ni mwezi wa ulinganisho.

Ulinganisho ni hivi. Mara mbili kwa mwaka Ofisi ya Ulinganisho inachota pipa moja la maji ya mlango wa mto, inajaza chupa sita, inazifunga lakiri, inapeleka moja kwa kila maabara. Kila maabara inapima peke yake na kutuma namba yake. Zikikubaliana, karatasi inatoka. Jibu sahihi hakuna anayelijua, maana maji yale hayakuja na cheti cha kuzaliwa. Namba zinapangwa kuanzia ndogo mpaka kubwa, ile ya katikati ndiyo inayohesabiwa kuwa kweli, na maabara iliyo mbali nayo ndiyo iliyokosea. Utaratibu mzuri sana, ukichukulia kwamba watu sita hawawezi kukosea namna moja.

Halafu kulikuwa na lile la kuamkiana, ambalo halikuandikwa popote. Siku mbili tatu kabla ya kutuma namba, simu zilikuwa zinapigwa asubuhi na mapema.

"Habari za huko? Mmeamkaje?"

"Sisi tumeamka na tatu nukta moja. Nyie je?"

"Aa, sisi salama tu, tatu nukta tatu."

Anayeamka na mbili, au Mungu amnusuru na nne, alirudi mezani akapima tena mpaka apone. Mwalimu alilijua hilo miaka mingi na alikuwa analicheka. Aliona ni utani wa vijana wanaoogopa kuaibika. Hesabu zao zilikuwa zinakubaliana na zake hata hivyo, sasa angegomba kwa lipi?

Mara hii alipoletewa chupa yenye lakiri, alitia asidi ndani yake bila kumimina. Akasubiri siku nzima. Nane nukta nne. Simu ilipoanza kulia asubuhi ile, ya kwanza ilikuwa ya chuo.

"Shikamoo Mwalimu. Mmeamkaje?"

"Nimeamka na nane nukta nne."

Kule upande wa pili kikasikika kicheko. "Mwalimu bwana! Umeanza lini mizaha?"

"Usimimine kwanza. Tia asidi kwenye chupa ya mto, uache siku nzima. Utaona."

"Sawa Mwalimu," alisema yule wa chuo, kwa sauti ile wanayosemea watoto wazazi walioanza kupoteza kumbukumbu. Wengine wanne aliwapigia yeye mwenyewe, akawaeleza neno kwa neno. Wote walisema sawa Mwalimu. Akaandika nane nukta nne kwenye fomu, akatuma.

Siku ya nne alikuja Desimali.

Desimali ndiye aliyekuwa mkuu wa Ofisi ya Ulinganisho. Jina hilo alimpa Mwalimu mwenyewe, enzi za uanafunzi, kwa kuwa alikuwa hakubali kukadiria: ukimuuliza saa, anakutajia na sekunde. Alikuwa mtu mwadilifu, na hapo ndipo ilipokuwa balaa. Mla rushwa ungeweza hata kumkasirikia. Alifika na mkoba wake, akamwamkia kwa heshima zote, akaenda kukaa kwenye kile kigoda alichokuwa anakalia zamani, ingawa viti vilikuwepo.

"Mwalimu, maabara tano zimepata tatu. Moja imepata nane." Alilisema akiangalia viatu vyake. "Ulitufundisha: maabara moja ikisema peke yake, ikague mikono yake."

"Nimeikagua. Njoo nawe uikague."

Mwalimu alikuwa na chupa mbili alizoziweka tayari, za siku moja. Ya kwanza akaimimina mbele yake. Ya pili akatia asidi humo humo. Ile tupu ya kwanza akaisuuza kwa asidi. Desimali alirudi kesho yake wakapima pamoja, na hakuondoa macho kwenye mashine hata kope kupepesa. Tatu nukta moja. Nane nukta tano. Tano nukta nne kwenye maji ya kusuuzia. Akatoa kalamu, akajumlisha pembeni ya gazeti, akajumlisha tena.

"Umeona?" aliuliza Mwalimu.

"Nimeona."

"Haya, andika."

Desimali alifungua mkoba akatoa fomu ya ukaguzi. Aliigeuza mbele na nyuma. "Nitaiandika wapi? Fomu inauliza, je, maabara imefuata kitabu? Ndiyo au hapana."

"Andika hapana, halafu andika kwa nini."

"Hakuna nafasi ya kwa nini, Mwalimu."

"Fomu gani isiyo na kwa nini? Nani alitunga upuuzi huo?"

 Desimali akamtazama tu, na Mwalimu akakumbuka. Nafasi ilikuwepo zamani, mistari minne. Yeye ndiye aliyeiondoa, kwa sababu wapimaji walikuwa wanaijaza visingizio: umeme ulikatika, nilikuwa na mafua, shemeji alikuja. Alisimama mbele ya mkutano akasema ubora hauna kwa nini, una ndiyo na hapana, na wakampigia makofi.

"Sikiliza," alisema Desimali, na sauti ilikuwa ya mtoto anayemwomba mama yake. "Kamati ya kitabu inakaa baada ya miaka miwili. Rudia ile ya ulinganisho kwa njia ya kitabu, utoe tatu, maabara yako ibaki na ithibati. Halafu ukija kwenye kamati utakuja na jina lako. Nikikufuta sasa, nani atasikiliza maabara iliyofutwa?"

Halikuwa shauri baya. Mwalimu alilipima, maana kupima ndiyo kazi yake. Miaka miwili, Kasuku atakuwa na sita.

"Nina mjukuu wa miaka minne anakula kwenye matope yale," alisema. "Kichwa cha mtoto hakisubiri kamati. Itoe karatasi useme mna shaka. Neno moja tu, shaka."

"Shaka haina namba, Mwalimu. Siwezi kuandika kitu kisicho na namba."

"Nane nukta nne ni namba!"

"Ni namba ya nje ya kitabu."

Mwalimu alimwambia aandike anachoandika. Desimali aliweka alama kwenye *hapana*, akapuliza wino ukauke, akaomba sahihi. Alipofika mlangoni aligeuka, macho yana maji. "Nimekuamini, ujue," alisema. Mwalimu aliona afadhali asingemwamini. Mtu asiyekuamini unaweza kubishana naye.

Jioni ile ile ilikuja simu ya mkemia wa bandari, binti aliyekuwa wa mwisho kupita mikononi mwake, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote.

"Mwalimu, nilijaribu ulivyosema. Nane nukta tatu."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Kwa wiki nzima hakuwa amesikia neno tamu kama lile. "Umetuma ngapi?"

Binti akaanza kuuliza habari za afya yake.

"Binti, umetuma ngapi?"

"Tatu nukta mbili. Niliwaamkia wenzangu kwanza, Mwalimu. Nilipowaambia wakacheka. Nikaogopa."

"Haya, hujachelewa. Andika barua ya kusahihisha, leo. Nitakusindikiza mwenyewe. Mmoja ni kichaa, wawili ni mashahidi."

"Nimeshapiga hesabu." Yule binti alikuwa analia sasa, lakini alikuwa analia kwa ufasaha, kama alivyofundishwa. "Wawili tukisema nane na wanne wakasema tatu, namba ya katikati bado ni tatu. Haisogei. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba namba ya katikati ni nzuri kwa sababu haiyumbishwi na wendawazimu wawili. Tutafutwa wote wawili, na hakuna kitakachobadilika. Mimi nina watoto, Mwalimu."

Alikuwa sahihi mpaka desimali ya mwisho. Mwalimu alimwambia alale salama, akakata simu. Akakaa akitazama karai. Maji yalikuwa yamerudi bombani, yanadondoka tone moja moja juu ya chupa zilizosubiri kuoshwa. Alihisi uchungu mtupu, na alikuwa hajui aumwage wapi, kwa sababu kila mlango aliougonga alikuta ameufunga mwenyewe.

Karatasi ilitoka Ijumaa. Waliibandika kwenye zahanati, sokoni, na kwenye kibanda cha kuingilia matopeni. *Maabara tano zimekubaliana. Maji ya mlango wa mto ni salama.* Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *maabara moja imeondolewa kwa kutofuata kitabu.* Maabara ya Mwalimu ilifungwa kwa kufuli jipya. Yeye alipewa barua ya shukrani na kustaafishwa miezi saba kabla ya wakati. Kitabu cha buluu kilikuwa kinachapishwa upya, na kwa heshima yake, barua ilisema, ule msemo wake wa chupa utawekwa ukurasa wa kwanza.

Wiki nzima alisimama penye kile kibanda, anawaambia wanunuzi wasinunue. Wachache waligeuka, kwa aibu kuliko kwa imani. Wengi walimpa pole. Mtu mzima, wakasema, amefukuzwa kazi, imempanda kichwani. Mama Ndoo aliuza nusu ndoo siku ya kwanza, robo siku ya pili, na siku ya tatu alipita mbele ya dada yake bila kumwamkia, jambo ambalo halijatokea tangu wamezaliwa.

Siku ya nane Mwalimu aliacha kusimama kibandani. Akaanza kwenda kwa mdogo wake kila adhuhuri, wakati wa kumlisha mtoto. Alileta mayai. Mayai yaliliwa, na kombe zikaliwa juu yake. Alileta maharage, akaleta maziwa. Mama Ndoo alivipokea kwa midomo iliyobanwa, akasema asante, ila kwangu mtoto halali njaa, dada. Akamjazia Kasuku bakuli lake kama kawaida. Kumnyang'anya mtoto bakuli alijaribu mara moja. Kasuku alipiga kichwa ukutani mpaka damu ikatoka, na Mama Ndoo akamwambia Mwalimu, akifanya hivyo tena asirudi.

Hapo Mwalimu alipiga hesabu ya mwisho. Risasi inamharibu zaidi aliye katika kujengwa. Kichwa cha mtoto wa miaka minne ni nyumba iliyofika kwenye linta. Chake yeye kilishapauliwa na kupakwa rangi zamani, na sasa kinavuja tu. Bakuli lilikuwa na kombe kumi na tano, kumi na sita hivi. Zikiliwa kumi na mtu mwingine, mtoto anabaki na tano. Si dawa, lakini tano ni kikomo alichokizoea.

Kesho yake aliingia, akaketi sakafuni kando ya mtoto, akainama mbele ya bakuli.

"Bibi ana njaa," alisema. "Tugawane?"

Kasuku alimtazama sana. Kisha, bila neno, akalisukuma bakuli katikati yao. Mwalimu hakutegemea hilo. Mtoto alikuwa bado yumo ndani, anasikia, ana huruma. Akaanza kula. Alikula haraka, kwa mkono uliojaa, mbili mbili, tatu tatu, kabla mkono mdogo haujazifikia, na mtoto akaona ni mchezo, akacheka. Kilikuwa ni kicheko kile kile cha zamani, ila hakikuwa na maneno.

Mama Ndoo alitokea jikoni na kijiko mkononi. Alisimama. Akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka, akamkimbilia dada yake akamkumbatia kwa nyuma. "Dada yangu! Amerudi dada yangu! Nilisema itampita!" Halafu akatoka uani, akapaza sauti mpaka kwa jirani wa tatu: "Njooni mwone! Mwalimu anakula! Mwalimu mwenyewe anakula kombe!"

Wakaja. Wake kwa waume, wengine na vikapu kabisa, wakajaa mlangoni wakichungulia. Wale wachache waliokuwa wameacha kununua walikuwa mbele. Kumbe mwenyewe anakula, walisema. Anazibwia hivyo, na sisi tunajinyima! Mzee mmoja alisema karatasi ni karatasi, lakini yeye alikuwa anasubiri kuona hili. Mwalimu alitaka kuwaambia. Aliinua mkono. Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na bakulini zilikuwa zimebaki saba, na Kasuku alikuwa ananyoosha mkono. Akaona akisema, mtoto atakula zile saba. Akazichukua yeye.

Ndoo zote mbili ziliisha kabla jua halijapinda. Kesho yake Mama Ndoo aliokota ndoo tatu, na bakuli la Kasuku akalijaza mara mbili, kwa kuwa sasa walikuwa wanakula wawili.